Mizeituni Niliyoisafisha

Mizeituni mitatu ya dada yangu niliipogoa mwenyewe, mwezi wa nane, kwa msumeno nilioutia makali siku mbili kabla. Niliipogoa kwa uangalifu. Kila jeraha nililikata kwa mshazari ili maji ya mvua yasituame juu yake, nikalilainisha kwa kisu, na matawi yote niliyoyashusha nikayapanga kwa ukubwa kando ya ua. Nasema haya mwanzoni kwa sababu watu wakisikia habari hii hudhani nilifanya kazi kwa haraka au kwa uzembe. Sikufanya haraka. Kazi ilinichukua siku moja na nusu.

Mimi ni fundi mizani. Msimu wa pamba ukikaribia nazunguka vituo vya kununulia, Shinyanga vijijini, Ushetu na kwingineko, nikirekebisha mizani iliyochoka. Miezi mingine nakaa kwenye kibanda changu mjini. Shule niliishia darasa la saba. Yaliyobaki nimeyasoma mwenyewe, kwa kamusi na vitabu vya mitambo ambavyo wenyewe walivitupa. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana kasoro moja ambayo nimechelewa kuiona: kitu akishakijua, hukishika kwa nguvu mno, kwa sababu hakupewa bure.

Dada yangu amenizidi miaka tisa. Anaishi nje kidogo ya Maganzo, mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka barabarani wanakokaa wanunuzi wa mawe ya almasi. Mume wake alikuwa katekista, na kila mtu alimwita Mwalimu. Miaka saba kabla ya mambo haya, Mwalimu alipewa miche mitatu ya mizeituni misheni alikokwenda kusoma mafunzo mafupi. Aliileta kwenye basi akiwa ameipakata, imefungwa kwenye gunia bichi, na akaipanda upande wa mashariki wa nyumba, mmoja karibu kabisa na jiko.

Alikuwa na wazo lake. Mafuta ya kupaka wagonjwa hufika kigangoni kwenye kichupa kidogo kutoka mbali, na Mwalimu alisema siku moja mafuta ya kigango chake yatatoka kwenye ua wake. Watu walicheka, naye alicheka pamoja nao, lakini jioni aliimwagilia maji aliyooshea vyombo. Dada alimwekea maji hayo kwenye ndoo ya peke yake, na kama alitia sabuni nyingi Mwalimu alinung'unika. Alipougua, mafuta aliyopakwa kwenye paji la uso yalitoka kwenye kichupa kile kile cha mbali. Mizeituni ilikuwa imefika juu ya madirisha na haikuwa imetoa hata ua moja.

Baada ya mazishi, msemaji wa ua ule alikuwa mdogo wake Mwalimu. Kwa dada yangu ni shemeji, na kwangu mimi pia nimemwita hivyo miaka yote. Si mtu mbaya. Kila mwaka humlimia dada shamba kwa ng'ombe wake kabla hajagusa la kwake. Lakini wachimbaji waliokuja kutoka upande wa Geita walikuwa wamepata changarawe ya matumaini kwenye kiwanja cha jirani, na mstari wa changarawe hiyo, kwa maneno yao, ulikuwa unaelekea pale pale penye mizeituni. Shemeji alitaka waingie.

Jambo hilo lilizungumzwa siku ya misa ya kumbukumbu ya mwaka wa pili, watu wakiwa bado wana sahani mapajani. Shemeji alisema hana ugomvi na miti, ila miti hii haina kivuli, haina kuni, ng'ombe hawaitaki na mbuzi wanaiogopa.

"Hata kanisani mmetufundisha," alimwambia dada, "mti usiozaa unafanywa nini."

"Kanisani pia walisema uwekewe samadi kwanza," dada akajibu. "Ile sehemu ulikuwa umesinzia?"

Watu walicheka, na kicheko kile kiliipatia mizeituni muda. Wazee wawili wa ukoo waliamua kwamba itaachwa mpaka mvua za vuli zianze. Ikionekana imezaa, wachimbaji watatafuta njia nyingine. Isipozaa, itakatwa. Hakuna aliyeandika kitu, lakini kila mmoja alilielewa neno hilo kwa namna ile ile.

Kesho yake dada alinipigia simu. Alisema, "Mdogo wangu, wewe unasoma. Mwalimu aliacha karatasi ya kuipogoa. Aliiweka mpaka akafa, hakuthubutu kuitumia. Njoo uisome wewe."

Karatasi ilikuwa kurasa mbili za kivuli cha fotokopi, zimekunjwa mara nne ndani ya kitabu cha nyimbo. Maneno yalikuwa ya Kiitaliano, na Kiitaliano sijui hata salamu. Lakini kulikuwa na picha: mti kabla ya kupogolewa, mti baada ya kupogolewa, na michoro minne ya tawi yenye vistari vya kuonyesha mahali pa kukata. Nilikaa nayo kwenye kibanda changu siku tatu, nikiitazama kwa kioo cha kukuzia ninachotumia kusomea alama za mizani. Nilielewa kwamba mti unatakiwa uwe wazi katikati ili jua lishuke mpaka kwenye shina. Nilielewa mshazari wa jeraha. Nilielewa kwamba mashina madogo yanayoota chini, yale maotea, yanaondolewa yote. Kwenye michoro minne ya mwisho tawi lilikuwa limegawanyika, upande mmoja vitawi vinavyokwenda juu, upande mwingine vitawi vinavyoinama, na vistari vyote vilikuwa vyeusi. Hapo karatasi haikuniambia kipi kikatwe na kipi kiachwe.

Sikuona kama ni tatizo. Hilo nilikuwa nalijua.

Nimekulia kwenye ngitili. Kwa asiyejua, ngitili ni sehemu ya malisho ambayo ukoo huizungushia miiko: mvua zikianza ng'ombe hawaingii, nyasi zinakua, na kiangazi kikali kikifika ndipo inafunguliwa. Ya baba yetu ilikuwa na miti mingi ya migunga na mingineyo, na kila mwaka mimi na yeye tuliisafisha. Baba alinifundisha kwa mkono, si kwa mdomo. Alishika kitawi chembamba kinachoning'inia, akakikata na kukitupia mbuzi. Alishika tawi lililonyooka kwenda juu, akalipigapiga kwa kiganja kama mtu anayemsifu ndama, akaliacha. Kinachoinama ni kinyonge, kinafunika nyasi. Kinachonyooka kitakuwa nguzo. Mti uliosafishwa hivyo unapanda, nyasi zinapata jua chini yake, na baada ya miaka kadhaa una nguzo ya nyumba. Nilifanya kazi hiyo tangu nikiwa na umri wa kuweza kushika panga mpaka nilipohamia mjini, na nilikuwa mzuri. Jirani zetu walimwomba baba awaazime mimi.

Basi pale ambapo karatasi ilinyamaza, mkono wangu ulisema.

Nilifika Maganzo asubuhi. Nilimsalimu dada, "Shikamoo," akaitikia huku tayari ananiletea ngazi. Niliizunguka miti yote mitatu mara mbili kabla ya kukata chochote. Ilikuwa imejaa, majani membamba ya kijani juu na ya kijivu chini, upepo ukipita mti mzima unabadilika rangi. Kila tawi lilikuwa na vitawi vyembamba vilivyolegea na kuanguka pande zote kama nywele za mtu aliyeamka. Katikati na juu kulikuwa na matawi machache yaliyonyooka, yenye afya, yenye gome laini. Niliyapenda mara moja.

Nilianza na mti wa mbali. Niliondoa maotea ya chini. Nilifungua katikati. Kisha nikashuka tawi kwa tawi nikikata kila kilichoinama, mpaka yakabaki matawi yaliyonyooka, safi, nafasi ikiwa sawa baina ya moja na jingine. Dada aliokota vitawi na kuvirundika. Mara moja aliuliza kama si vingi. Nilimweleza kwamba vinakula nguvu ya mti bure. Aliamini. Alikuwa na sababu gani ya kutoamini?

Mti wa tatu, ule wa jikoni, ulikuwa na tawi moja kubwa lililolalia paa. Bati la jiko lile lilikuwa limeoza kwa moshi na kutu, na ngazi haikuwa na pa kuegemea isipokuwa juu yake. Nilijaribu kwa mguu mmoja, bati likalia. Nikashuka. Tawi lile peke yake nililiacha kama lilivyokuwa, na vitawi vyake vyote vimelala juu ya bati. Liliniudhi. Nilipotazama mti ule kutoka mbali, upande mmoja umenyooka na upande mwingine umevurugika, niliona kama mizani iliyobaki na kosa ambalo fundi amelijua na kuliacha.

Shemeji alipita jioni ya siku ya pili, akasimama na mikono nyuma.

"Umeinyoa vizuri, shemeji," alisema. "Sasa bado kuipeleka shule."

"Subiri mwezi wa kumi," nikamwambia.

"Nasubiri. Mimi siyo ninayeogopa mwezi wa kumi."

Nilirudi mjini nikiwa nimeridhika. Nakumbuka kuridhika kule kuliko ninavyokumbuka mambo mengi ya furaha.

Katikati ya mwezi wa tisa nilianza kuwa na wasiwasi juu ya kitu kidogo. Nilitaka kujua kama majeraha ya mzeituni yapakwe chokaa au yaachwe wazi. Ndipo nikafanya jambo ambalo ningeweza kulifanya mwezi mmoja kabla: niliipiga picha karatasi ya Mwalimu kwa simu yangu, ukurasa kwa ukurasa, nikaitafutia tafsiri. Simu ilinipa Kiswahili kibovu lakini kinachoeleweka. Majeraha yaachwe wazi. Nikafurahi. Nikaendelea kusoma kwa sababu nilikuwa nimeshaanza.

Ilisema kwamba mzeituni huchanua kwenye vitawi vilivyoota mwaka uliotangulia. Ilisema vitawi hivyo kwa kawaida ni vyembamba, na huinama. Ilisema matawi yanayopanda wima hutoa majani na mbao, hayatoi matunda, nayo ndiyo ya kukatwa kwanza. Ilisema mpogoaji mzuri huacha kinachoinama na kuondoa kinachosimama.

Niliisoma mara nne. Kisha nikatafuta michoro yenyewe mtandaoni, nikaipata katika rangi. Kwenye karatasi ya asili vistari vya kukata vilikuwa vyekundu, na vya kuacha vilikuwa vya kijani. Mashine ya fotokopi, popote ilipokuwa, ilikuwa imevifanya vyote vyeusi. Vyekundu vyote vilikuwa kwenye matawi yaliyonyooka.

Nilifunga kibanda nikakaa ndani. Nilichukua penseli nikajaribu kuchora kwa kumbukumbu mti wa kwanza, nikihesabu vitawi nilivyovikata, kama vile kuhesabu kungeonyesha kwamba kimoja kilibaki. Hakikubaki. Nilikuwa nimefanya kazi kamili. Kama ningekuwa mvivu kidogo, kama ningechoka saa nane mchana na kuacha nusu ya mti, leo ningekuwa na la kusema.

Siku ya tatu nilipanda gari kwenda Maganzo kumwambia dada. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilimkuta ametoka hadi njiani kunipokea, jambo ambalo si kawaida yake, na kabla sijamaliza shikamoo alinishika mkono wa shati na kunivuta hadi nyuma ya jiko.

Tawi la juu ya bati lilikuwa limechanua.

Maua ya mzeituni ni madogo kuliko nilivyofikiri, meupe yanayoelekea manjano, yamekaa kwenye vishada kama chenga za mchele. Yalikuwa kwenye vitawi vilivyolala juu ya kutu, vile ambavyo sikuvifikia. Matawi mengine yote ya mti ule, na miti yote miwili ya mbali, yalikuwa yamesimama wima na majani mazuri ya kijani. Hayakuwa na hata kishada kimoja.

"Hili limetangulia," dada alisema. "Mengine yanafuata. Unaona kazi yako?"

Nilisema naona.

Alisema Mwalimu angekuwa hai angelala chini ya mti kwa furaha. Alisema tayari amemwambia mwenyekiti wa kigango. Alinipa kiti, akaniletea viazi vitamu, akakaa kando yangu akitazama juu, na maneno yangu yote niliyoyapanga nilirudi nayo mjini. Sikuona njia ya kuyasema bila kumnyang'anya kile alichokuwa anakitazama. Nilijiambia kwamba huenda nimekosea mimi, huenda karatasi haijui hali ya huku, huenda mengine yatafuata kweli. Nilikuwa najua hayatafuata.

Nilimwendea bwana misitu mmoja ninayemrekebishia mizani ya nyumbani. Nilimpa karatasi, nikamweleza yote, nikamwuliza kuna dawa gani. Ni mtu mpole. Alisema hakuna. Ua haliwezi kutoka mahali ambapo kitawi chake hakipo, na kitawi kinachoota sasa ni cha mwaka kesho. Kisha akaniambia jambo alilodhani litanifariji: kwamba mizeituni huku kwetu mara nyingi haichanui kabisa, joto ni kali na baridi yetu ni fupi, na kwamba hata isingepogolewa yawezekana isingetoa chochote.

"Lakini tawi la jikoni limechanua," nilimwambia.

Aliitazama karatasi tena. "Basi ingechanua," alisema.

Mwezi wa kumi nilikwenda Maganzo kila Jumapili. Nilimwagilia, nikaweka samadi, nikajenga kiukuta cha matope kuzunguka kila shina ili maji yasikimbie. Dada aliona bidii hiyo akanihurumia, akasema nitaumwa mgongo. Sikuwa nasaidia mti. Nilikuwa nahitaji mikono yangu iwe na la kufanya pale pale ilipofanya lile jingine.

Maua yalianza kuanguka. Mengine yaliacha vijitunda, vya kijani, kama punje za uwele. Dada alivihesabu kila asubuhi kutoka chini, akiwa amekinga jua kwa kiganja, na aliniambia hesabu kwa simu. Kisha lilikuja juma la joto kali kabla ya mvua, lile ambalo kila mwaka linatufanya tufikiri mvua imetusahau. Bati la jiko lilikuwa la moto chini, na jua lilikuwa juu. Vijitunda vikaanza kudondoka. Hesabu kwenye simu ikapungua. Siku moja dada hakupiga, na kesho yake pia hakupiga.

Nilipofika alikuwa amevikusanya kutoka juu ya bati kwa ufagio mrefu, amevitia kwenye bakuli la bati lenye maua ya rangi. Vilikuwa vimesinyaa. Alivishika kama ushahidi. Mvua ya kwanza ilinyesha siku ile ile, na Jumamosi iliyofuata shemeji na wale wazee wawili walikuja.

Walizunguka miti. Hawakuwa na haraka, wala hawakuwa na dharau. Dada alileta bakuli. Mzee mmoja alichukua kijitunda, akakisugua kati ya vidole viwili, akakirudisha kwa heshima.

"Umezaa," dada alisema. "Joto tu limeudhulumu."

Shemeji alikuwa mpole siku hiyo kuliko nilivyotaka awe. "Mama," alimwambia, "mbuzi akitoa mimba hatusemi amezaa. Tunampa pole."

Hapo nikasema. Niliwaambia kosa ni langu. Niliwaonyesha karatasi ya Mwalimu na picha ya rangi kwenye simu. Niliwaeleza vitawi vinavyoinama na vitawi vinavyonyooka, na tawi la juu ya bati ambalo sikulifikia. Niliwaambia miti hii ingechanua yote mitatu mwaka huu kama nisingeigusa, na kwamba kwa haki inastahili mwaka mmoja mwingine. Nilizungumza kwa mpangilio mzuri. Nilipomaliza nikaona kwamba dada hatazami tena bakuli. Alikuwa ananitazama mimi.

Shemeji alichukua simu, akaitazama picha, akamwonyesha mzee wa karibu. Mzee alisema kwa Kisukuma kwamba hata yeye angekata vile vinavyoning'inia, nani angeviacha? Mwingine akaitikia kwamba ndivyo mti unavyosafishwa. Walikuwa wananitetea. Hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

"Shemeji," mdogo wake Mwalimu alisema, akinirudishia simu, "Mwalimu alikuwa na maneno, wewe una karatasi. Mwaka kesho mti utakuja na wakili. Watu wanaingia Jumatatu, nimeshawapa neno langu."

"Uwarudishie neno," nilisema.

"Neno siyo mizani, useme utalirekebisha."

Wazee waliinuka. Dada aliwasindikiza mpaka njiani kama desturi inavyotaka, akarudi, akaliweka bakuli juu ya dirisha.

Aliponiomba jambo lililofuata, aliomba kwa sauti ya kawaida kabisa. Hakutaka wachimbaji waikate miti ya Mwalimu kwa mapanga. Alisema kwa kuwa nina msumeno mzuri, niikate mimi. Nililala pale, na Jumapili baada ya ibada niliikata. Mbao ya mzeituni ni ngumu kuliko unavyodhani kwa unene wake, ina mistari ya kahawia, na harufu yake iko karibu na ya pilipili manga. Nilianza na mti wa mbali, kama mara ya kwanza. Nilikata shina juu kidogo ya ardhi, kwa mshazari, bila kufikiri kwa nini, kisha nikajua kwa nini: karatasi ilisema mzeituni uliokatwa huchipua tena kutoka kwenye kisiki, mizizi ikiachwa. Nilimweleza dada. Aliendelea kuokota matawi.

Tulipofika kwenye mti wa jikoni alikaa kwenye kizingiti. Niliuweka msumeno kwenye shina, nikasikia akisema nyuma yangu:

"Siku ile nilipokuonyesha maua. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na viazi ulikula."

"Nilikula."

Niliukata. Shina lilipoachana na kisiki, upande ulionyooka ulianguka uani, lakini lile tawi kubwa lilibaki juu, limejikwamisha kwenye kingo za bati. Nilijaribu kulivuta kwa kamba. Bati lilianza kupinda. Dada aliniambia niliache.

Wachimbaji waliingia Jumatatu kama walivyosema. Siku ya tatu walifika kwenye visiki, wakaving'oa na mizizi, kwa kuwa mizizi ilikuwa kwenye changarawe waliyoitaka. Duara lao, yaani shimo la kuchimbia, sasa lina kina cha watu wawili, na wanachekecha mchana kutwa mahali ambapo Mwalimu alimwaga maji ya vyombo. Bado sijasikia kama wamepata jiwe. Shemeji alimlimia dada shamba lake mwaka huu kabla ya la kwake, kama kawaida.

Mimi na dada tunazungumza. Ananipigia simu, ananiuliza hali, ananiambia habari za kigango. Mwezi uliopita alinieleza kwamba ana mpera unaotoa matunda madogo, lakini hakuniomba nije kuutazama, nami sikujitolea. Nilipokwenda kumsalimu nilipita nyuma ya jiko. Tawi lile bado liko juu ya bati. Halina pa kupata maji, lakini majani yake hayajaanguka yote. Yamekauka yakabaki na ile rangi ya kijivu ya upande wa chini, na moshi wa jiko unapita katikati yake ukipanda. Hakuna anayeweza kulifikia.